Majaribio Tisa Kutoka Uswidi

Mzee Okeyo alifika ofisini kwetu Nyegezi, tulikoendesha ukurasa wa salamu wa intaneti, siku tatu baada ya simu ya maandishi kumwarifu kwamba mwanawe, Perez, amefia hospitalini Uswidi. Ilikuwa Agosti 1999. Mkononi alishika barua ya mwisho ya Perez: "Baba, barua zinachelewa. Nitakuandikia kwenye ule ukurasa wa salamu wa intaneti. Nenda ukasomewe."

"Shikamoo, Baba. Pole kwa msiba," nilimwamkia.

"Marahaba. Fungua hiyo televisheni yako, fundi."

"Ni kompyuta, mzee," alisema Dorotea, karani wetu.

"Ikinisomea mwanangu, nitaiita jina lolote mtakalo."

Ukurasa ulifunguka. Hapakuwa na salamu mpya tangu mwanzo wa Julai. Nilikuwa nimeliona hilo, nikadhani watu wameacha kuandika. Sasa niliandika salamu ya majaribio, nikaituma. Jibu lilikuja: hitilafu ndani ya seva, ile kompyuta inayoutunza ukurasa.

Skripti, yaani programu ndogo ya kupokea salamu, niliibadilisha mimi, mwezi huo wa Julai. Niliiandika hapa, kisha nikaipeleka kwenye seva iliyoko Dar es Salaam kama zinavyopelekwa picha, si kama maandishi. Kila mstari ukabaki na alama moja isiyoonekana mwishoni, na seva ikakwama kwenye mstari wa kwanza. Laini ya simu ilikatika kabla sijaijaribu. Iliporudi, sikuijaribu.

Niliipeleka upya kama maandishi. Ikafanya kazi. Zilitosha dakika nne.

"Haya, soma," alisema mzee.

Nilifungua faili ambamo seva huandika hitilafu zake. Majaribio tisa yalitoka Uswidi, yote kutoka kompyuta moja. La mwisho lilikuwa siku mbili kabla ya kifo.

"Aliandika mara tisa, Baba. Seva ilikataa zote. Kosa ni langu."

"Nimesikia. Soma."

"Maneno hayakuhifadhiwa. Zipo tarehe na saa tu."

Dorotea aliacha kupiga chapa.

"Basi soma hizo."

Nilisoma tarehe tisa na saa zake. Alisikiliza ameinamisha kichwa, barua ameishika magotini.

"Hiyo ya mwisho, ilikuwa ndefu?"

"Sijui, Baba. Seva haikuandika urefu."

Akaniomba niirudie hiyo ya mwisho. Nikairudia: Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni.