Ndiyo ya Marehemu Tohe

Nchi ya Mabwawani ilikuwa na Baraza, na asije mtu akakwambia kwamba halikuwa Baraza halali. Lilikuwa na Spika, lilikuwa na kanuni, na kila kiangazi wajumbe walikusanyika kando ya bwawa kuu, kila mmoja juu ya jiwe la ukoo wake. Mfalme Kiboko alihudhuria akiwa majini, pua na macho tu ndivyo vilivyoonekana, maana alisema hapendi kuwatisha wajumbe kwa umbo lake. Miswada ilisomwa mara tatu kama inavyotakiwa. Mwaka ule ulikuwapo Muswada wa Vivuli, uliomtaka kila anayejikinga jua chini ya mti aombe kibali kwanza. Ulikuwapo Muswada wa Shukrani, uliomtambua Mfalme kuwa ndiye aliyeinyesha mvua ya mwaka uliopita. Na ulikuwapo Muswada wa Kuyapatia Maji Mlinzi.

Huo wa mwisho ndio uliomtoa Bi Tohe kwenye matete yake kabla hajala. Muswada ulisema kwamba chemchemi ya Nyasini, walikokunywa wanyama wadogo wote, iwekwe chini ya ulinzi wa Mfalme, na walinzi wawe Mamba. Jinsi Mamba wanavyolinda maji kila mtu aliijua. Bi Tohe alikuwa na mtoto anayenyonya, na kwa kiangazi kile Nyasini ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kwa swala kama yeye. Ikifungwa, maziwa yatakauka, na mtoto atakufa. Aliyawaza hayo njia nzima akienda Barazani.

Sasa jua namna walivyopiga kura, maana balaa lote lilianzia hapo. Spika Korongo hakuuliza nani anakubali. Aliuliza nani anakataa, na asiyesema "La" alihesabiwa amesema ndiyo. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa na nia njema kabisa. Barazani walikuwamo wenye haya, akina Tohe na akina Kakakuona, ambao kusema mbele ya kadamnasi kwao ni adhabu. Wakaonewa huruma, wakaambiwa, basi nyinyi mkikubali kaeni kimya tu. Kanuni nyingine ilisema mjumbe akifa, fuvu lake liwekwe juu ya jiwe lake, na kiti kibaki chake mpaka Mfalme atangaze kwamba msiba umekwisha, ndipo ukoo uchague mwingine. Hiyo nayo iliwekwa kwa heshima.

Mfalme Kiboko alizikuta kanuni hizi mbili zimelala mbalimbali, akazilaza pamoja. Tangu atawazwe hakuwahi kutangaza mwisho wa msiba hata mmoja. Alimwombolezea kila mjumbe aliyekufa, na walikufa wengi, hasa wale wenye tabia ya kusema La. Hakuna mfalme aliyewahi kuwa na huzuni ya kudumu namna ile. Kwa hiyo mwaka ule ungeingia Barazani ungekuta mafuvu mengi kuliko wajumbe wenye pumzi, yametulia juu ya mawe yao, yameelekea bwawani. Spika alipouliza nani anakataa, yote yalikubali.

Marehemu Tohe alikuwa mmoja wao. Kiangazi kilichotangulia, muswada huohuo ulipoletwa kwa mara ya kwanza, alisimama akapiga mluzi wake. Tohe wote hupiga mluzi wakishtuka, lakini yeye ulimtoka hata katika mazungumzo. Kila alipotaka kusema neno zito, mluzi ulitangulia, na mkewe alikuwa akimtania kwamba siku moja atawatimua wageni kabla hajawakaribisha. Basi siku ile ulitangulia mluzi, likafuata La. Wengine wakapata moyo, muswada ukaanguka. Haukupita muda Mamba wakaleta taarifa kwamba wamemkuta kivukoni, ameteleza. Mfalme alilia mbele ya watu.

Desturi ilimpa mjane kazi moja: kukaa nyuma ya jiwe la mumewe na kulifukuzia nzi fuvu lake. Kusema hakuruhusiwa. Mfukuza nzi akifungua mdomo Barazani alikabidhiwa kwa Mamba.

"Shemeji, umekuja," alinong'ona Kakakuona, rafiki wa marehemu tangu ujana, ambaye kiti chake kilikuwa jirani.

"Nimekuja. Leo utakataa, shemeji?"

Kakakuona alijikunja kidogo. "Nina watoto."

"Na mimi nina mmoja."

"Ndiyo maana nakwambia fukuza nzi, kikao kiishe, urudi nyumbani."

"Nitakataa mimi," alisema Bi Tohe. "Wakimhesabu huyu hapa kuwa ndiyo, mwanangu atakufa kwa kura ya baba yake."

Kakakuona akajikunja akawa mviringo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipiga kura kwa miaka mingi.

Muswada ukasomwa mara ya tatu. Bweha, Mwanasheria Mkuu, alieleza kwa sauti laini kwamba maji yasiyo na mlinzi ni maji yaliyo hatarini, na kwamba wanyama wadogo ndio wa kwanza kufaidika wakizuiwa kuyakaribia. Spika Korongo akabadilisha mguu wa kusimamia. "Wanaokataa waseme La."

Bi Tohe alifungua mdomo. Alikuwa ameliandaa neno hilo tangu alfajiri, ni silabi moja tu. Lakini aliwaona Mamba wamejilaza ukingoni, macho yamefumbwa nusu. Neno halikutoka. Aliona aibu kubwa kuliko hofu yenyewe, akawa analitazama lile fuvu na kuliomba radhi moyoni.

Ndipo ulipopigwa mluzi, mwembamba, wa puani, ukitokea mbele yake juu ya jiwe. Halafu sauti ikasema, "La."

Nzi wote waliruka. Mfalme Kiboko alijiinua majini mpaka mabega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kikao.

"Nani amesema?"

Kila jicho lilimgeukia Bi Tohe. Yeye mwenyewe alikuwa amekauka kama mti. Ile sauti aliijua. Alikuwa ameamka nayo kila asubuhi ya ndoa yake.

"Mfukuza nzi," alisema Mfalme, "ni wewe?"

"Si mimi, Mtukufu," alijibu, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Natamani ningekuwa mimi. Nilishindwa."

Bweha alikohoa. "Mtukufu Mfalme, jambo liko wazi. Wafu hawasemi, ni suala la maumbile. Aliyesema ni huyu mjane, na adhabu yake inajulikana."

Hapo Spika Korongo akainua bawa. Hakuwa shujaa, na sitaki umdhanie hivyo. Alikuwa mtumwa wa kanuni, basi. "Naomba mwongozo wa Mwanasheria Mkuu," alisema. "Kama wafu hawasemi, hao wengine niwaandike vipi? Kwa miaka yote nimewaandika wamekubali."

Kimya kilitanda juu ya mawe, na kwa mara ya kwanza wajumbe walikisikiliza kwa wasiwasi, kwa sababu hawakujua tena kilikuwa kimya cha nani.

"Mjumbe amevuruga kikao," alisema Mfalme hatimaye. "Asimamishwe."

"Mjumbe Tohe, Mtukufu?"

"Wote walio kama yeye."

Mamba walipita jiwe kwa jiwe, wakayapiga mafuvu mikia, yakaporomoka bwawani. Bi Tohe aliziona pembe za mumewe zikielea kidogo, kisha zikazama. Spika akauliza upya nani anakataa. Walio hai walitazama chini. Muswada ukapita kwa kauli moja, na wajumbe wakapiga kwato kushangilia kama ilivyo ada.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mamba walijaa Nyasini. Bi Tohe alilamba umande kwenye majani na kuchimba mizizi ya matete kwa kwato, na maziwa yakapungua mpaka mtoto akawa ananyonya huku analia. Sungura walihama, wengine wakafia njiani. Alifikiri mara nyingi kwamba mumewe alikufa mara mbili bure, na mara ya pili yeye alikuwa akitazama.

Kisha ikaanza minong'ono kwamba Mfalme halali. Akizama tu, anausikia mluzi chini ya maji, na baada yake lile neno. Siku za mwanzo ilikuwa sauti moja. Baadaye zikawa nyingi, sauti za kila aliyewahi kumwombolezea, kila moja kwa lafudhi ya ukoo wake, zikikataa kila alilowahi kupitisha, muswada kwa muswada. Alihamia bwawa la pili, akazikuta. Maji ya nchi ile yaliungana chini kwa chini, naye ndiye aliyekuwa ameyachukua yote. Alijaribu hata Nyasini. Huko alikuta Mamba wameshaondoka; walizisikia kabla yake, wakatoroka bila kumkabidhi mtu lindo.

Akaitisha kikao cha dharura, akaleta Muswada wa Kuyanyamazisha Maji. Yeye mwenyewe alikaa nchi kavu, mwili mzima juani, na wajumbe wakaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo mkubwa na jinsi miguu yake ilivyo mifupi. Spika Korongo alisoma mara tatu. "Wanaokataa waseme La."

Walio hai walitazama chini kama kawaida yao. Bwawa ndilo lililojibu. Lilijibu kwa sauti nyingi mno, na mawe yakatetemeka.

Spika alisikiliza mpaka mwisho, akabadilisha mguu. "Waliokataa wameshinda," alisema. "Muswada umeanguka." Akaahirisha kikao bila kutaja tarehe, akaruka. Kakakuona alijikunjua, akamtazama Mfalme usoni kwa mara ya kwanza maishani, akaenda zake. Wengine wakafuata. Bweha alikuwa keshaondoka.

Kiboko alibaki ukingoni. Jua la Mabwawani si la kiboko. Ngozi yake ilipasuka na jasho jekundu likamtiririka, na maji yalikuwa hatua chache tu mbele yake, mengi, yote yake kisheria. Kila alipoyasogelea, mluzi ulipigwa, naye akarudi nyuma.

Bi Tohe alifika mchana akiwa na mtoto wake. Alipita mbele ya Mfalme, wala hakukimbia. Hofu ilikuwa imemwisha, au labda kiu ilikuwa kubwa zaidi. Alipoinama aliusikia mluzi kutoka chini, mwembamba, wa puani. Alifumba macho akausikiliza, kwa sababu alikuwa amemkumbuka sana. Kisha akanywa, na mtoto akanywa pembeni yake.

"Bi Tohe," aliita Mfalme. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Nakuomba. Mwambie mumeo anyamaze."

Bi Tohe aliinua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni.

"Alikuwa amenyamaza, Mtukufu," alisema. "Mkamwandika ndiyo."