Balbu Nyeupe za Cleophace

Zile balbu nyeupe za gari lake Cleophace alizifunga kwa sababu ya ukungu. Watu walidhani ni majivuno, lakini yeye mwenyewe hakuwa mtu wa mbwembwe barabarani.

Kila Jumanne na kila Ijumaa aliondoka nyumbani Songambele saa kumi alfajiri, mkewe Mackrine akiwa amejifunika blanketi, wakaenda Bukoba kwa ajili ya kusafishwa damu. Figo za Mackrine zilikuwa zimeacha kazi tangu mwaka uliopita. Mashine ilimkalisha kwa muda wa saa nne, akapumzika kidogo, kisha wakaianza safari ya kurudi, na mara nyingi giza liliwakuta njiani. Siku zilizobaki Cleophace alikuwa kibanjani kwake, akipunguzia migomba majani na kuanika kahawa kama watu wengine. Tofauti ni kwamba watu wengine walikuwa wamelala.

Asubuhi moja ya ukungu mzito alimkuta mwanamke na mzigo wa kuni katikati ya barabara. Alimkwepa kwa upana wa kiganja tu. Mackrine alipiga yowe, mwanamke akaangusha kuni, na Cleophace akaendesha polepole mpaka Bukoba. Wiki hiyo hiyo alisimama Ihanda kwa Gideon, fundi umeme wa magari, akamwambia taa zake hazimuliki mbali.

"Hizi zako za njano ni za kizamani, kaka," Gideon alisema, akamwonyesha boksi dogo. "Funga hizi nyeupe. Mchana mtupu."

Kweli, zilipowaka, Cleophace aliona kila kokoto mbele ya gari. Akaridhika. Zile za njano akazifunga kwenye gazeti na kuziweka ndani ya gari, maana mkulima hatupi kitu kizima.

Tangu hapo waendesha bodaboda wakawa wanampigia honi na kumtupia mikono. Alipunguza taa wakipishana, lakini waliendelea kupiga kelele. Alichoka kuwaza wanataka nini, akaacha kuwaza.

Kisha ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa tano. Mackrine alikuwa ametapika mara mbili tangu Kyaka, na kichwa chake kilikuwa kimelalia dirishani. Jua lilikuwa limezama muda si mrefu. Walipoteremka mlima nje kidogo ya Ihanda, Cleophace alimwona mbele yake mtu anayesukuma baiskeli iliyofungwa mkungu mkubwa wa ndizi. Yule mtu aliinua mkono kujikinga macho. Halafu hakuwepo tena.

Cleophace alikanyaga breki. Kwenye kioo cha pembeni aliona vumbi, na ndani ya mtaro kitu cheusi kikijaribu kuinuka.

"Kuna nini?" Mackrine aliuliza bila kufumbua macho.

Cleophace alitazama kioo tena. Mtu anainuka, alijiambia. Akiinuka basi hajaumia. Kutoka pale mpaka nyumbani kulikuwa na mwendo mrefu bado.

"Ng'ombe," alijibu, akaondoa mguu kwenye breki.

Siku kumi baadaye alipata wito wa kamati ya usuluhishi. Aliyemlalamikia alikuwa Melkiory, mkulima wa Chonyonyo, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyevunjika mfupa wa mtulinga kwenye mtaro ule. Hakuandika namba za gari. Hakuhitaji. Barabara nzima ilijua taa zile ni za nani.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Benadeta, mwanamke mstaafu aliyefundisha sayansi shule ya msingi miaka thelathini, na ambaye sasa alisuluhisha migogoro ya mipaka ya vibanja, mbuzi waliokula maharage, na wake waliorudi kwao. Siku ya shauri, ofisini, alisikiliza akiwa ameshika shavu.

"Cleophace, ulimwona huyu mzee siku hiyo?"

"Hapana, Mwalimu. Sikumwona mtu."

Melkiory, mkono ukiwa umefungwa kitenge shingoni, alimtazama. Mkewe Costansia alitaka kusema jambo, naye akamgusa goti asiseme.

"Na taa zako?"

"Taa zangu ni kama za magari mengine," Cleophace alisema. "Zinanisaidia kuona. Natembea na mgonjwa."

Wajumbe walibishana. Mmoja alisema taa ni taa, baiskeli ndiyo iwe na taa yake. Mwingine alisema taa zile zinapofusha hata ng'ombe. Mwisho Benadeta alipiga meza kidogo kwa kiganja. "Tutabishana mpaka lini? Jumatano jioni tuje barabarani, tuzilinganishe. Za zamani bado unazo?"

"Ninazo."

Jumatano hiyo ilikuja baada ya Jumanne ya Bukoba. Cleophace alifika mapema Ihanda na kuegesha gari mbele ya ghala la kahawa. Gideon alipofika na bisibisi zake alimkuta amelalia usukani, mdomo wazi, akagonga kioo mara tatu kabla hajaamka.

Walifunga balbu nyeupe upande wa kushoto na ya njano upande wa kulia, kisha wakarudisha gari nyuma hatua ishirini kutoka ukutani. Giza lilikuwa linaingia. Gideon akawasha. Ukutani, upande wa kushoto palikuwa peupe kama shuka la hospitali, na upande wa kulia palikuwa na doa hafifu, rangi ya chai iliyozidi maji.

"Mmeona?" Gideon alisema kwa furaha. "Niliwaambia. Hiyo ya kulia ni mshumaa."

Wajumbe wakatikisa vichwa wakikubali. Hata Costansia alisema nyeupe imeshinda.

Benadeta alisogea ukutani, akapitisha kidole pale mwanga ulipokuwa. "Huu wa njano una mwisho," alisema. "Tazameni, hapa juu umekatika kama umepigiwa rula. Chini mwanga, juu giza. Huu mweupe hauna mwisho. Umepanda mpaka kwenye bati." Akaonyesha paa la ghala lililokuwa liking'aa. "Gideon, mwanga ulio kwenye bati unamsaidia dereva nini?"

Gideon alikuna shingo. "Balbu ni nzuri, Mwalimu. Labda kikombe cha taa ndicho hakikutengenezwa kwa balbu hiyo. Kikombe kinategemea moto ukae mahali pake. Ukihama kidogo, mwanga unatawanyika."

"Na mtu anayekuja mbele, macho yake yako chini au kwenye bati?"

Wakaenda barabarani.

Waliegesha gari juu ya mlima ule ule, na mjumbe mmoja akasimama nyuma kuzuia magari. Gideon akafungua boneti ili awe anachomoa waya wa taa moja na kuacha nyingine iwake peke yake. Benadeta alisema asiende Melkiory chini, aende Cleophace, na aichukue baiskeli. Cleophace hakuwa na nguvu ya kukataa. Alishuka akisukuma baiskeli ya Melkiory, ambayo gurudumu lake la mbele lilikuwa bado limepinda na kulia kila lilipozunguka. Alipofika hatua mia hivi aligeuka na kuanza kurudi, akipanda.

"Nyeupe!" Gideon alipaza sauti.

Mwanga ulimpiga usoni. Cleophace aliinua mkono. Hakuliona gari, hakuiona barabara wala miguu yake mwenyewe. Alisikia changarawe chini ya viatu na akajua tu kwamba bado yuko njiani. Kisha changarawe ikageuka majani, mguu wa kushoto ukakosa pa kukanyaga, akaiachia baiskeli na kukaa chini ghafla kwenye ukingo wa mtaro. Hakuumia. Alikaa tu pale.

"Njano!" Gideon aliita.

Weupe ukazimika. Macho yake yalikaa kidogo na vidoti vyekundu, halafu ikarudi barabara: ukingo, nyasi, mtaro wenye kina cha kiuno, baiskeli imelala ubavu. Juu ya mlima aliliona gari, na pembeni yake watu kadhaa. Mmoja wao alikuwa na mkono kifuani.

Akapanda polepole. Walikuwa wanangoja aseme kuhusu taa. Gideon tayari alikuwa anaeleza kwamba angeweza kuziinamisha kidogo.

"Mzee Melkiory," Cleophace alisema, "nilikuona ukianguka."

Gideon akaweka bisibisi chini.

"Nilikuona kwenye kioo. Nikasimama kidogo, nikaondoka. Mke wangu alikuwa anatapika, na mimi nilikuwa nimechoka. Siyo sababu ya kumwacha mtu, najua, lakini sina nyingine."

Melkiory hakushtuka. "Najua uliniona, waitu, ndugu yetu," alisema. "Taa zako za nyuma ziliwaka nyekundu. Zikakaa zimewaka. Nikasema moyoni, anarudi, ngoja nisijitikise, mfupa usije ukatoboa. Halafu zikazima."

"Mbona hukusema ofisini siku ile?" Benadeta alimuuliza.

"Nilitaka aseme yeye. Ningelisema mimi angelikataa, na mimi ningekuwa mzee mwenye maneno." Alivuta pumzi. "Nililala pale mpaka kijana wa bodaboda alipopita. Siyo muda mrefu sana. Lakini ukiwa umevunjika ni mrefu."

Costansia alianza kulia kimya kimya, kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa. Cleophace alisimama amening'iniza mikono. Alitaka kuomba msamaha kwa maneno mazuri, ila hayakuja. "Nisamehe," alisema tu.

"Nimekusikia," Melkiory alijibu.

Pale pale barabarani Gideon alizitoa nyeupe na kurudisha za njano. Alisugua vioo vya taa, vilivyokuwa vimefifia kwa miaka ya vumbi, kwa msasa laini na maji, kisha dawa ya meno, mpaka vikaanza kupitisha mwanga vizuri, akaziinamisha kidogo. Alipowasha, mwanga wa njano ulifika mbali kuliko Cleophace alivyoukumbuka. Muda wote kumbe shida ilikuwa vioo. Balbu nyeupe Gideon alizifuta kwa kitambaa na kuzirudisha kwenye boksi lake. Hakuna aliyemuuliza atamfungia nani. Benadeta, akirudi nyumbani kwa miguu, alipishana na magari matatu yenye taa kama zile, na mara zote tatu alisimama ukingoni ameziba macho mpaka yapite.

Mackrine alikuwa ameketi kitandani akivua soksi Cleophace alipomwambia yote.

"Ulisema ng'ombe," Mackrine alisema.

"Nilisema."

Mackrine alizikunja soksi zake taratibu. "Umeniweka mimi kuwa sababu," alisema hatimaye. "Ungenishusha pale nikae hata chini. Ningengoja." Kisha akageukia ukutani, na Cleophace, ambaye kwa kawaida alilala kabla kichwa hakijagusa mto, alikaa macho.

Kamati iliuliza atafanya nini kwa Melkiory. Alisema mwenyewe kwamba Jumamosi nne zinazokuja atafanya kazi kibanjani kwake, kwa sababu mtu mwenye mtulinga uliovunjika hawezi kuinua panga wala jembe. Jumamosi ya kwanza Melkiory alikaa kwenye kigoda akimwangalia. Alisema mara mbili tu, zote kumkosoa anavyokata majani makavu. Ya pili walizungumza juu ya mnyauko wa migomba, ugonjwa uliokuwa umemaliza shamba la jirani. Ya tatu Mackrine alikuja naye, akaketi mkekani na Costansia kuchambua maharage, na wanawake hao wawili wakaongea Kinyambo kwa sauti ya chini mpaka mchana. Cleophace alilala chini ya mgomba wakati wa chakula. Alipoamka jua lilikuwa limegeuka upande, na nusu ya mistari aliyoacha ilikuwa imepaliliwa. Costansia alikuwa na udongo mikononi.

Mtulinga ulishika vibaya kidogo. Melkiory anaweza kuinua mkono mpaka kiwango cha bega, basi. Mikungu anaipeleka kwa bodaboda sasa.

Mackrine bado anakwenda Bukoba. Kwa taa za njano huwezi kukimbia kwenye ukungu, kwa hiyo wanaondoka nusu saa mapema zaidi, na Cleophace ana nusu saa pungufu ya usingizi, mara mbili kwa wiki. Wakianza kupanda mlima ule, Mackrine hukaa wima, blanketi mabegani, akitazama ukingo wa barabara.

"Kushoto," husema. "Mtu."

Naye hupunguza mwendo.