Bibi Odilia na Mtumbwi wa Ukoga

Mwezi wa tisa mwaka wa sabini na sita, pale Titye, mtumbwi wa kijiji wa kukamulia ndizi haukuwa na pombe. Ulikuwa na ukoga. Ule ukoga wa kijani unaoota kwenye maji yaliyotuama, ule ambao mama akiukuta mtungini humgombeza binti yake, huo ndio uliolishwa majivu ya maganda ya ndizi, ukafunikwa chandarua, ukakorogwa mara sita kwa siku kama uji wa mzazi.

Mkorogaji alikuwa bibi Odilia. Bwana Hilali, mganga msaidizi aliyehamishiwa Kasulu kutoka Pangani, alimwambia kwamba ukoga ule ukikamuliwa ni dawa ya watoto waliokosa chakula cha kujenga mwili. Na Odilia alikuwa na mjukuu, Marcel, miaka miwili, nywele zimegeuka rangi ya kutu, miguu imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Kwa hiyo alikoroga. Alikoroga miezi mitatu, hata usingizini mkono ukawa unazunguka, hata padri akimpa komunyo mkono unazunguka.

Siku ya kunywesha, kijiji kizima kikaja, watoto migongoni. Bwana Hilali akakamua kikombe kimoja cha kijani, akamnyooshea mzee Tharsisi, mwenyekiti. Mzee akaficha mikono nyuma.

"Onja kwanza, bwana mganga."

"Mimi siumwi, mzee."

"Hatujakuuliza kuumwa. Kinachotoka mtumbwini, mwenyewe hukionja mbele ya watu. Ndiyo maana wazee wetu walikufa wachache."

"Nimefunga. Huu ni mwezi wa Ramadhani."

"Ehee!" akasema Pelagia, jirani yake Odilia. "Kila mwenye sumu siku hiyo huwa amefunga!"

Odilia akanyakua kikombe, akapiga mafunda matatu, akakigeuza mdomo chini. "Haya, nimeonja mimi."

"Wewe ni mkorogaji, mama," akasema Tharsisi kwa upole. "Mkorogaji huonja tangu alfajiri, tumbo lake limeshazoea. Tunamtaka mwenye dawa."

Wangengoja magharibi, lakini palikuwa na lori. Gharibu, dereva, taa zake za mbele zilikuwa zimekufa, na ilikuwa lazima aondoke saa kumi. Na barua aliyokuja nayo kutoka mkoani ilisema: kijiji kikikataa, mtumbwi na ukoga wake upelekwe siku hiyohiyo Kumsenga, wilaya ya Kibondo, ambako wanaungoja. Odilia akaitazama miguu ya Marcel. Kumsenga! Mtoto angefikaje?

Saa kumi vijana wanne wakashika mtumbwi waupakie lorini. Odilia akampa Pelagia mtoto, akavua ndara, akapangusa nyayo zake kwa jani la mgomba, wa kulia, kisha wa kushoto, akaingia mtumbwini akakaa. Ukoga ukamfika kifuani.

"Bibi, toka!" akapiga kelele Bwana Hilali. "Hiyo ni dawa!"

"Naijua. Nimeilea."

"Mpakieni na yeye," kijana mmoja akasema.

Gharibu akafungua barua, akaisoma upya, midomo ikitembea. "Hapana. Hapa pameandikwa mtumbwi na ukoga. Bibi hakutajwa. Nikimshusha Kumsenga bibi asiye kwenye barua, nani atanisainia?"

"Basi mwandike."

"Nani ana kalamu?"

Kalamu alikuwa nayo katibu, na katibu alikuwa amekwenda Kasulu mjini kutafuta wino. Wakabishana. Wengine walisema bibi akikaa ndani ya ukoga huhesabiwa ukoga; Gharibu akataka hilo nalo liandikwe. Odilia alihisi baridi, na ukoga ukimtekenya kwapani. Saa ya kukoroga ilipofika, akakoroga kwa mkono.

Hatimaye Gharibu akatazama mlimani, akatoa tende mfukoni, akaitia mdomoni. "Magharibi hiyo. Bila taa siendi tena popote."

Macho yote yakamgeukia Bwana Hilali. Akashika kikombe, akainama, akachota palipokuwa na kina, mbele ya magoti ya Odilia. Akakamua. Akakitazama kikombe, akamtazama bibi.

"Umeoga leo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Asubuhi. Na sasa tena."

Akasema bismillahi, akafumba macho, akanywa chote. Kijiji kizima kikalisikiliza tumbo lake. Tharsisi akasogeza sikio mpaka kwenye vifungo vya shati. Ikatoka mbweu ndefu.

"Yu mzima," akatangaza mwenyekiti. "Pangeni mstari. Lakini ya watoto ichotwe upande wa kichwa, si wa miguu."

"Mwenyekiti, kwani kichwa changu kiko majini?"

Marcel akawa wa kwanza. Alikunywa, akakunja uso kama aliyelamba ndimu, kisha akakikumbatia kikombe kwa mikono miwili, Pelagia akishindwa kukichomoa. Odilia akataka kuinuka amchukue mjukuu wake, lakini mtoto wa pili alikuwa ameshafika. Basi akabaki humohumo, akiwasogezea wachotaji ukoga kwa kiganja, mpaka mtoto wa mwisho wa Titye alipokwisha kunywa.