Gharika Ipi

Mwenyekiti wa mtaa alitaka maafa yote yawe yamekaa ukutani kabla ya kesho asubuhi, ili mgeni rasmi akija ayasome bila kuinama. Kazi akanipa mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika kila kitu mtaani hapa, kuanzia "Usikojoe hapa" hadi "Tumehamia ghorofa ya pili". Ukuta wenyewe ni wa zahanati, mrefu, umepakwa chokaa mpya. Juu niandike historia ya mabalaa yetu, na chini ya kila balaa majina ya waliokufa.

Nilidhani ni kazi nyepesi. Nilisahau naishi na watu gani. Mtaa huu hauhesabu miaka, unahesabu mikosi. Kuna Maji ya Magodoro, yaliyoacha kila ukuta umeanikiwa godoro. Kuna Maji ya Mtihani, yaliyowafungia watoto shuleni, na Maji Madogo, ambayo ndiyo yaliyoua wengi kuliko yote, usiniulize kwa nini yanaitwa hivyo. Kuna Upepo wa Mabati. Kuna Joto la Kuku, lililoua kuku wote likawaacha wenye kuku wakihema. Sasa uliza lipi lilitangulia! Muuza mkaa anaapa Upepo ndio uliokuja kwanza, na ushahidi wake ni kwamba ulimng'olea paa alilojenga baada ya Magodoro. Ukimwonyesha kwamba anajipinga mwenyewe, ananuna. Nilifuta na kuandika upya mpaka chokaa ikaanza kubanduka.

Lakini si hilo lililonikosesha raha. Nilikuwa na jina langu la kuandika, la mama. Alitoweka nikiwa mdogo, na shangazi, dada yake baba, aliyenilea, alikuwa na jibu moja tu: "Mama yako alichukuliwa na gharika." Akishasema hivyo, mdomo anaufunga. Hakuna kaburi, hakuna picha. Nilitaka walau mahali pamoja pa kusimama na kusema, huyu hapa. Nikamwachia nafasi, nikaipigia mistari kwa chaki, herufi nikazipanga ziwe kubwa kidogo kuliko za wenzake. Nani angenikataza, na brashi ni yangu?

Tatizo, mafuriko yalikuwa matatu, nami sikujua nafasi ile iwe chini ya yapi. Magodoro haiwezekani. Siku zile namkumbuka kabisa, amekalia ndoo aliyoipindua, anakamua blanketi, mimi nimeshika ncha ya pili. Asubuhi nilipomuuliza shangazi, alinijibu bila kunitazama, "Andika popote, maji ni maji." Mtu anawezaje kutojua wifi yake alikufa maji gani?

Nikavuka barabara kwenda kwa kinyozi. Mzee yule ni bingwa wa kutia chumvi, lakini hasahau mtu. Nilimkuta na mteja kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa.

"Babu, mama yangu alichukuliwa na gharika ipi?"

"Ipi tena?" akasema. "Gharika alikuwa mmoja."

"Ilikuwa moja, babu, si alikuwa mmoja. Na hata hivyo si kweli, zilikuwa tatu."

"Alikuwa mmoja, mwanangu. Mrefu, mpole, jino la mbele limekatika. Fundi bomba. Siku aliyopasua lile bomba kubwa la mtaa, jua linawaka, maji yakatufuata mpaka uvunguni mwa vitanda, ndipo tukampa jina. Gharika. Wala hakukasirika, alicheka na sisi."

Nikacheka, maana nilijua ananitania. Yeye hakucheka. Mteja aligeuza shingo kunitazama.

"Kwani wewe," kinyozi akauliza taratibu, "miaka yote hii ulidhani nini?"

Nilidhani nini! Maneno yalikuwa yale yale niliyokua nayo, hakuna hata silabi iliyobadilika, na sasa yalikuwa yanasema kitu kingine kabisa. Niliyarudia kimoyomoyo huku navuka barabara. Pikipiki ikanipigia honi nusura inigonge, na badala ya kuomba radhi nikamwambia dereva shikamoo.

Shangazi huwapigia watu nguo pasi katika chumba cha mbele. Sikukaa.

"Shangazi, Gharika ni nani?"

Pasi ilisimama juu ya shati la mtu. Haikunyanyuka mpaka niliposikia harufu ya kuungua.

"Sikukudanganya," alisema. "Taja siku hata moja niliyokwambia ni maji."

"Leo asubuhi! Umesema maji ni maji."

"Leo nilichoka." Aliiweka pasi pembeni. "Kaka yangu alikuwa hapiti njia bila watu kuguna. Ningekwambiaje, mama yako kamfuata fundi bomba? Nilisema lililo kweli, wewe ukasikia ulivyosikia."

"Nilikuwa mtoto, shangazi! Mpaka leo mvua ikinguruma naingia chini ya kitanda."

Hapo aliinamisha kichwa. Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira ile kulikuwa na furaha iliyonitia hasira zaidi. Mama yangu, niliyemlilia nikamaliza, hakuwa amekufa. Alikuwa ameniacha. Sikujua lipi kati ya hayo mawili ni habari njema.

"Yuko hai?"

"Mwaka jana alikuwa hai. Dhoruba ilipong'oa paa la soko, alipiga simu. Hupiga kila akisikia mtaa wetu redioni. Anauliza jambo moja tu, mtoto mzima? Namwambia mzima, nakata."

"Na siku za kawaida?"

"Siku za kawaida hapigi."

"Nipe namba yake."

"Kila mara anatumia namba ngeni. Ukiipiga, haipatikani. Usinitazame hivyo, nimejaribu." Alifuta macho kwa kiganja. "Akipiga tena nitakupa simu. Haki ya Mungu nitakupa."

Nilirudi ukutani. Mwenyekiti alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, anakagua.

"Hapa pana pengo," alisema. "Huyu ni wa mafuriko yapi?"

"Hakufa, mwenyekiti."

"Sasa alikuwa anatafuta nini hapa?"

Nilifuta chaki kwa kitambaa. Aliondoka akitikisa kichwa. Nikatazama juu. Anga lilikuwa jeupe, hakuna hata wingu la kubahatisha. Naona aibu kusema nilichofanya. Nilisimama mbele ya majina ya watu waliokufa maji, rangi yao bado mbichi, nikaomba mvua inyeshe mpaka tutajwe redioni.