Ndoo ya Bibi Nanyori

Mwinjilisti Solomoni alikuwa na kipaji kimoja ambacho chuo cha Biblia hakikumfundisha: kunadi. Kila Jumapili ibada ikiisha, waumini wa kijiji cha Kikwe walitoka nje, na vitu walivyoleta altareni badala ya fedha, yaani ndizi, mayai, kuku, chupa ya maziwa, vikapangwa mezani na kunadiwa. Solomoni alishawahi kumsifia jogoo kiguru mpaka watu wakamgombania. Desturi ya pale ilijulikana hata na watoto: ukinunua kitu unaweza kumzawadia mwenzako, na aliyezawadiwa hakatai. Kikiwa cha kula au kunywa, anaonja palepale mbele ya watu, kwa kuwa kimetoka altareni.

Jumapili hiyo mawazo yake hayakuwa mnadani, yalikuwa juu ya paa. Kanisa lilikuwa limeezekwa nusu, nusu ya pili ni mbingu tupu, na meneja Abdiel, Mmachame wa kule Moshi aliyesimamia shamba la maua, alikuwa ameahidi mabati. Miaka ile serikali ilikuwa imewafungulia wawekezaji milango, na mwenye shamba la maua akaona ajifungulie na mfereji wa kijiji pia. Maji aliyapata yeye kwanza. Yaliyobaki yaliwateremkia wakulima yakiwa na povu na harufu ya dawa. Maharage yalinyauka, watoto wakaumwa matumbo. Walipolalamika kwa wakubwa waliambiwa wasiwasumbue wawekezaji, wakaja kwa mwinjilisti. Solomoni aliahidi kuwaombea, na kweli aliwaombea, ila kwa sauti ya chini, meneja asije akasikia.

Sasa Bibi Nanyori, mjane mwenye kishamba cha maharage kule mwisho wa mfereji, alileta altareni ndoo iliyofunikwa kanga. Solomoni aliipokea, akaiweka karibu na mawaridi ambayo Abdiel huyaleta kila wiki, yale yasiyofaa kupelekwa Ulaya. Akainua pembe ya kanga. Harufu ilimpiga puani, akaifunika upesi. Mnada ulipoanza, aliisukuma kwa mguu chini ya meza.

Ndizi ziliuzwa, kuku wakauzwa.

"Na sadaka yangu, mwinjilisti?" Bibi Nanyori akauliza.

"Shikamoo, bibi. Hiyo... hiyo tutaiangalia baadaye."

"Marahaba. Jogoo kiguru ulimnadi. Yangu ina kilema gani?"

Watu wakacheka, hata Abdiel akacheka, maana hakujua kilichomo. Solomoni hakucheka. Aliogopa, tena sana; aliyaona mabati yakiruka moja baada ya jingine kuelekea Moshi. Kisha akamtazama yule bibi, amesimama wima, habembelezi mtu, na zile sala zake za sauti ya chini zikamtia aibu. Akainama, akaipandisha ndoo mezani na kuondoa kanga.

"Wapendwa," alisema, na sauti ya mnada ikamrudia, "maji ya mfereji wetu haya, yamechotwa asubuhi ya leo. Yana rangi, yana povu, ukifulia huna haja ya sabuni. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Kila mtu aliangalia viatu vyake.

"Basi nanunua mimi." Akaweka mezani nauli yake ya kwenda mjini. "Na ninamzawadia meneja wetu. Karibu uonje, mzee."

Abdiel alikuja mbele, kwani kukataa hakukuwezekana. Alichota kwa kikombe, akakipeleka mdomoni, akasita. Dawa ile aliijua. Vibarua wake hawaigusi bila glavu.

"Mwinjilisti," akasema, "haya siwezi kunywa."

"Wajukuu zangu wanaweza," Bibi Nanyori akajibu, bila hasira. "Hawana mengine. Hivi kwenu Machame, mwanangu, mtu akichafua mfereji mnamfanyaje?"

Abdiel alikirudisha kikombe mezani. Alikuwa amekua akizibua mfereji na baba yake, kila nyumba na zamu yake.

"Anatoa mbuzi," akasema. "Mbele ya watu wote."

Akaifunika ndoo vizuri kwa kanga, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye pikapu, akaondoka bila kuaga. Wiki nzima Solomoni aliitazama ile nusu isiyo na paa kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyerudi.

Katikati ya wiki hiyohiyo maji yaliteremka mpaka kwa Bibi Nanyori, safi, unaona mawe chini. Kule shambani maji ya dawa yalikuwa yamechimbiwa shimo lake, na lango la mfereji likafunguliwa kwa zamu kama zamani. Vibarua walisimulia kwamba Abdiel aliiweka ndoo juu ya meza ya bosi, akamkaribisha aonje. Bosi naye hakuonja.

Jumapili iliyofuata Abdiel aliingia kanisani akivuta mbuzi.

"Mabati hayapo tena, mwinjilisti," alisema. "Bosi amenuna."

"Mabati yatapatikana," Solomoni alijibu, akashangaa kujisikia anayaamini maneno yake. Mwaka huo hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Mbuzi alinyoosha shingo, akaanza kutafuna mawaridi ya altareni, na hakuna aliyemzuia.

Nje, ndoo ileile ilikuwa mezani, imesuguliwa ikang'aa, imejaa maji ya mfereji. Abdiel hakungoja mnada.

"Wiki iliyopita sikuonja," alisema. Akachota kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho. Akachota tena, akampa Bibi Nanyori kwa mikono miwili.

Bibi alionja taratibu, kama anayepima chumvi kwenye mchuzi.

"Yanafaa," akasema. "Haya, mwinjilisti, mnadi mbuzi."