Wembe wa Kinoti

Wambeti aliuinua mchoro mbele ya dirisha, na pale palipokuwa na jina lake mwanga ukapenya. Karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe hadi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Juu ya kovu hilo mtu alikuwa ameandika kwa wino, kwa herufi nzuri za kizamani: KINOTI. Hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Katika mji wote wa Embu ni mwajiri wake tu aliyejua kukwangua vizuri hivyo.

Hasira zilimpanda hadi masikio yakawaka. Ofisi iliponunua kompyuta, mwaka wa tisini na tano, Kinoti aliizunguka kama mtu aliyeletewa ng'ombe mwenye pembe kali, kisha akarudi kwenye meza yake ya rula na kalamu. Ni Wambeti aliyekaa na ile mashine wiki sita akiunda kiolezo: karatasi tupu yenye fremu tayari, na kwenye pembe ya chini, kulia, kisanduku cha maelezo. Kila mchoro mpya ulianzia hapo. Kisanduku chenyewe kilikuuliza: mradi gani, kipimo gani, tarehe gani, nani amechora, nani amekagua. Hakuna aliyepiga tena mistari ile ile kila asubuhi. Kinoti alikisifu mbele ya wateja, na alikiita kiolezo chake.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Wambeti alikuwa amempisha miaka miwili, na sasa mgongo wake ulikuwa umegusa ukuta.

Akaenda kumsimamia mezani. "Bwana Kinoti, jina langu limekukosea nini?"

Kinoti hakuinua macho. "Client anakuja ofisi ya Kinoti, si ya Wambeti. Mimi nilichorea watu miaka kumi na mbili, na hakuna siku jina langu lilionekana. Nilikufa?"

"Lako liko hapo kwa imekaguliwa. Na ni kubwa kuliko langu."

"Nimechoka kukwangua. Ingia kwa hiyo template, pale kwa imechorwa weka Kinoti, ikae hivyo siku zote. Halafu utoe mchoro mwingine wenye ule mlango wa kando walioomba. Watu wa kanisa wanakuja saa nane."

Wambeti alirudi kwenye kompyuta. Ingekuwa ni ghala la mtu kule Kangeta, angemeza hasira kama kawaida. Lakini huu ulikuwa ukumbi wa kanisa la Gachoka, kwao, na Jumapili ya kuweka jiwe la msingi mchoro ungetundikwa ukutani kila mtu auone. Shamba ambapo kanisa lilisimama lilitolewa na nyanyake. Mama huyo alibeba mchanga kutoka mtoni kwa mgongo wake, akafa, na jina lake halikuandikwa popote, hata kwenye jiwe la kanisa. Binti wa kwanza wa mwanawe ndiye aliyepewa jina hilo, kama ilivyo desturi. Jina ambalo Kinoti alikuwa akilikwangua lilikuwa la wanawake wawili.

Akaandika K, I, N. Akasimama. Akazifuta herufi hizo moja moja, akaandika jina lake lote. Alijua anaweza kufutwa kazi. Kisha akafanya jambo moja zaidi. Mashine ya kuchora, iliyounganishwa na kompyuta, ilikuwa na kalamu nne zilizoshika zamu. Kisanduku akakipa kalamu ya nne, ili kiandikwe mwisho, watu wakiwa wamesimama hapo.

Saa nane walifika watatu, wakiongozwa na Mwalimu Cicily, mwenyekiti wa kamati. Hawakuwa wamewahi kuona kalamu ikitembea bila mkono, basi wakaizunguka mashine. Kuta zikatokea, madirisha, mlango wa kando. Kinoti alisimama karibu, akieleza mambo asiyoyajua, na wembe ulionekana ukichungulia mfukoni mwa shati lake.

Kalamu ya nne ikashuka kwenye pembe.

"Imechorwa na Wambeti Njeru," Mwalimu Cicily akasoma polepole. Akageuka. "Wewe ni wa kwa Njeru? Yule cucu aliyetoa shamba?"

"Ni nyanya yangu. Mimi ndiye nimepewa jina lake."

Kinoti akanyoosha mkono kuichukua karatasi. "Kuna kitu kidogo ya kurekebisha hapo," alisema, na vidole vikaenda mfukoni.

"Gani?" Mwalimu Cicily aliuliza, akiutazama wembe. "Hapa pote pako sawa." Akaukunja mchoro mwenyewe, akauweka kwapani. Wakaagana.

Kinoti alingoja hadi nyayo zikaisha kwenye ngazi. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa. "Kesho asubuhi," akasema, "nikija hapa nataka hiyo template iwe na jina langu."

Wambeti alikuwa tayari ameshika mkoba wake. Hakupandisha sauti.

"Weka mwenyewe. Switch ya kuwasha kompyuta iko nyuma, upande wa kushoto. Anzia hapo."