Wimbo Uliozuia Treni ya Kindu

Watu husema wimbo wetu ulirefuka kwa sababu ya bangi. Wengine husema ni majini ya mto Lualaba. Waongo watupu. Mimi Sumaili ndiye niliyepiga ngoma siku ile, na wimbo ulirefuka kwa sababu ya Kanku.

Kanku alikuwa binti wa mzee Tshimanga, karani wa reli aliyehamishiwa Kananga na familia yake yote. Asubuhi ile alimwambia Kalume, mpiga gitaa wetu: "Nitafikiri mupaka treni itatoka. Nikishuka, njo kusema nabakia na weye."

Mwaka ule wa 1974, treni iliyobeba mjumbe wa Chama ilikuwa haiondoki Kindu kabla bendi haijamaliza wimbo wa kumuaga. Na siku ile mjumbe alikuwa kwenye treni hiyohiyo ya akina Kanku. Kwa kawaida wimbo huo ulikuwa wa dakika tano. Kalume alizipiga hizo tano, akafumba macho, akaendelea.

Spika yetu ilikuwa imepasuka, na sauti ya gitaa ilitoka ikitetemeka kama joto juu ya reli. Maneno yakaisha. Godefroid wa besi akashika noti mbili tu, akawa anazunguka nazo. Sijui nieleze vipi. Jua lilikaa palepale, wanawake wenye vikapu vya mchele wakaanza kuyumba, hata mjumbe pale dirishani akalaza kichwa mkononi. Mikono yangu sikuihisi tena. Nilikuwa na raha, jamani, raha ambayo sijaipata tena.

Shefu wa stesheni akaja mbio. "Njo wimbo gani huu hauna mwisho?"

"Jina ya Chama iko ndani, shefu," nikamwambia. "Utaikata weye?"

Akarudi kusimama na bendera yake. Kila alipotaka kusogea, Kalume alikitaja Chama mara moja, kisha akazama tena.

Saa nzima ikapita. Ndipo mlango wa behewa la tatu ukafunguka. Kanku akakanyaga ngazi, kifurushi chake mkononi, anacheka huku analia. Moyo wangu ukaruka: tumeshinda! Nikapiga matoazi kwa nguvu zangu zote, kama tulivyozoea kufunga kila wimbo.

Bendi nzima ikanyamaza. Papo hapo shefu akainua bendera. Treni ikavuta, mzee Tshimanga akamdaka binti yake kiunoni, mlango ukafungwa.

Mjinga mimi! Kalume alikawia kufumbua macho, kama mtu anayeamshwa. Behewa la mwisho lilikuwa linapita.

Baadaye tuliurekodi Lubumbashi, ukajaza santuri pande zote mbili, na hadi leo kuna watu wanaoulalia usingizi. Tukibaki wawili, Kalume huniuliza: "Sumaili, weye ulikuwa unaangalia treni. Alishuka?"

"Hapana, ndugu," nami humjibu. "Hakutoka hata mulangoni."